Nyufa kwenye njia ya gari: kuziba au kuvunja?

SWALI: Njia ya gari nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam, yenye urefu wa mita 12 hivi kutoka getini hadi barazani, ilimwagwa zege miaka saba iliyopita. Tangu masika imepasuka mahali pengi, na karibu na geti kipande kimoja kimezama. Fundi mmoja ananishauri nipige niru, yaani tabaka jembamba la saruji, juu yake, mwingine anataka ivunjwe yote. Nimsikilize yupi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotoa, nisingemkabidhi kazi yeyote kati yao kabla ya kuchunguza nyufa zenyewe. Zege linapokauka hunywea, na lisipokatiwa viungo, yaani mikato ya kuliachia nafasi ya kunywea, hujipasukia popote. Kwa zege la unene wa milimita 100 viungo hivyo vinatakiwa kila baada ya mita 2.5 hadi 3, jambo ambalo mafundi wengi huliruka. Ufa wa namna hiyo, mwembamba na wenye pande mbili zilizo sawa, hauhitaji kuvunjwa.

Laza ubao ulionyooka juu ya kila ufa. Upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, udongo wa chini umeshuka au umevimba, na hapo niru ni kupoteza pesa, kwa kuwa tabaka hilo jembamba litabanduka mara gari litakapopita juu ya kipande kinachocheza. Inaniuma kuona familia zikiilipia kazi hiyo kila mwaka. Kisha gonga kwa nyundo: mlio wa kitu kitupu unaashiria kwamba zege limeachana na ardhi au limebanduka kwa ndani. Ukiona madoa ya kutu kandokando ya ufa, nondo zimeanza kuoza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, italisukuma zege hadi limeguke.

Kipande cha getini ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Angalia maji ya bati na ya mtaro yanaelekea wapi mvua inaponyesha, maana maji yanayopenya chini ya zege huondoka na mchanga kidogo kidogo. Kumbuka pia kama boza la maji au gari la kunyonya maji taka hupita hapo, kwani milimita 100 hazitoshi kwa uzito huo. Ukiyarekebisha maji kwanza, kata kipande hicho peke yake, ondoa kifusi kilicholegea, shindilia udongo mpya kwa matabaka yasiyozidi milimita 150, kisha mwaga zege la milimita 150 lenye nondo. Lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku 7 bila kuyaacha yakauke, na magari mazito yasubiri siku 28.

Nyufa nyingine zilizo sawa pande zote zipanuliwe kidogo, zisafishwe vumbi na zizibwe kwa gundi inayonyumbulika, si kwa saruji tupu, ambayo hupasuka tena.

Kuvunja yote kunastahili pale ambapo vipande vingi vimezama au vinacheza, kutu imeenea, au uso unachimbika kwa msumari kwa sababu saruji ilikuwa haba. Ukikuta hali hiyo, panga kazi kati ya Juni na Septemba, ili ardhi iliyofunuliwa isikutwe na mvua kabla ya kushindiliwa.