Wasomaji Wanauliza: Korona kwenye kiwanja cha bolingi ya nyasi

SWALI: Klabu yetu hapa Nairobi imejaa wastaafu, na korona imeanza tena kutuangushia wenzetu. Wengine wanataka kiwanja kifungwe. Wengine wanasema tuko nje, tucheze tu, bora kila tufe lipuliziwe sanitaiza. Nani yuko sahihi?

JIBU: Msifunge, ila sanitaiza hiyo mnaipeleka pasipo na shida kubwa. Korona hupita zaidi kwenye pumzi za watu waliokaribiana kuliko kwenye vitu vilivyoshikwa. Kwenye bolingi, watu hukaribiana matufe yakishafika: wote huinama juu ya jeki, lile tufe dogo la shabaha, wakibishana nani amelikaribia zaidi. Apime mmoja kwa futi yake. Wengine wasubiri mita 2 nyuma.

Timu za wanne wanne ziacheni kwanza, maana zinajaza watu 8 kwenye njia moja, yaani ukanda mmoja wa kuchezea. Chezeni mmoja kwa mmoja, kila mtu na matufe yake 4, na kati ya mechi na mechi njia moja ibaki tupu.

Mkeka anaosimamia mrushaji na jeki navyo vina ujanja wake. Kwa kawaida aliyeshinda raundi ndiye hutandika mkeka na kurusha jeki, hivyo vinahama mikono mchezo mzima. Kwenye mechi za kirafiki, mmoja ashike mkeka peke yake na mwenzake jeki, hadi mwisho. Mshindi ataje tu umbali anaoutaka, usiopungua mita 23 kutoka kwenye mkeka.

Matufe yaosheni kwa maji ya sabuni, kila mtu na kitambaa chake. Wanaolamba vidole ili tufe lisiteleze (mnawajua) watumie nta ya kushikia, na kopo lisiazimwe.

SWALI: Na ikiwa ni ugonjwa wa kutapika na kuharisha?

JIBU: Hapo sanitaiza haisaidii sana, hasa kwa norovirusi. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vyoo na vitasa vipanguse kwa Jik: ile ya asilimia 3.5, mililita 30 kwa lita 1 ya maji, ichanganywe siku hiyohiyo. Isimwagike kiwanjani, itaunguza nyasi. Aliyeugua asirudi kabla ya saa 48 tangu dalili zikome.

Na katika magonjwa yote mawili, chai ya baada ya mechi inywewe nje, kila mtu na kikombe chake. Ukumbi wenye madirisha yaliyofungwa una hatari kuliko kiwanja chote.