Mwanangu anamkataza bibi yake kumwaga taka baharini: nimfundishe vipi?

SWALI: Shekhe, asalaam aleykum warahmatullah. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Pemba, karibu na pwani. Mwanangu wa kati ana miaka tisa. Tangu wasomeshwe skuli habari za mazingira amebadilika. Usiku hushtuka akisema kisiwa kitazama. Juzi bibi yake alimtuma mdogo wake akamwage taka ufukweni, yeye akampigia bibi kelele mbele za watu. Bibi amekasirika, anasema hayo ni mambo ya wazungu, dunia ni ya kupita, na Kiyama kikija vyote vitaondoka. Je, haya yamo katika dini au ni masomo ya skuli tu? Na mimi nimfundishe vipi?

JIBU: Waaleykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nianze na neno la bibi, maana wengi wanalisema, na nusu yake ni haki. Dunia ni ya kupita. Lakini hakuna aliyeijua Akhera kuliko Bwana Mtume (S.A.W.), naye amesema, katika hadithi ya Anas bin Malik aliyoitoa Imam Ahmad, kwamba kikisimama Kiyama na mmoja wenu ana mche wa mtende mkononi, akiweza kuupanda basi na aupande. Mche ule hautazaa. Hapana atakayekula tende zake wala kupumzika kivulini mwake. Na bado tumeamrishwa kuupanda, kwa sababu mja huulizwa kazi yake, mavuno ni ya Mola wake.

Ama kuwa haya ni ya wazungu, msomee bibi Suratu Rum, aya ya 41: ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Bahari imetajwa kwa jina lake, na waliosomewa aya hii mwanzo ni watu wa Makka, mji usio na pwani. Sisi tunaoamka tukiitazama tuna udhuru gani?

Tena nyinyi wa Pemba mna kisiwa cha Misali mbele ya macho yenu. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri aliwatokea wavuvi pale, akaomba msala wa kusalia, akaambiwa haupo; akasema kisiwa chenyewe ndio msala, kwa kuwa kimeelekea Makka. Hiyo ni simulizi ya wazee, si hadithi ya Mtume, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi. Lakini lililo kweli ni hili: bahari ile ilikuwa ikipigwa baruti. Baruti moja hupasua matumbawe yaliyojengeka kwa miaka mingi, huua samaki mkubwa na kinda lake, na wengi katika waliokufa huzama chini wala hawaokotwi. Hiyo ndiyo israfu hasa, yaani ufujaji. Misali ilipofanywa hifadhi mwaka 1998, ilionekana kuwa sheria ya serikali peke yake haitoshi, na wavuvi wakasomeshwa kwa aya za Qurani juu ya amana na mizani. Nalitaja hili kwa sababu nataka mwanao ajue kuwa jambo analolipenda lina mizizi kwao, katika kitabu anachokisoma chuoni kila jioni.

Sasa khofu yake. Hapa, mama, ndipo nilipohuzunika. Mtoto wa miaka tisa kalamu imeinuliwa kwake mpaka abaleghe, haandikiwi dhambi. Vipi basi tumtwishe dhambi za dunia nzima alale nazo? Usimdanganye, lakini. Bahari inapanda, na huenda amekwisha kuona bonde la mpunga lililoingiwa na maji ya chumvi. Mwambie ni kweli, mwambie kisiwa hakizami usiku huu, kisha mpe kazi inayolingana na mikono yake. Wanapopanda mikoko, nenda naye. Ile mbegu ndefu ya mkoko huchomekwa tu kwenye tope, hata mtoto anaiweza. Mizizi yake huja ikashika udongo na kuficha vifaranga vya samaki. Mnapochomeka, mwambie maneno ya Mtume (S.A.W.) katika Bukhari na Muslim: Muislamu hapandi mti wala hapandi mmea, akala humo ndege au mtu au mnyama, ila huwa ni sadaka kwake. Atalala vizuri.

Nyumbani anza na udhu. Anas amesema Mtume akitawadha kwa mudi moja. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kiasi, haifiki lita. Watie watoto maji kiasi hicho katika kopo, uone nani atamaliza viungo vyote na yakambakia. Watacheka, watamwaga, wataomba tena, na mwisho watafunga mfereji bila kuambiwa. Ile hadithi mashuhuri ya kutofanya israfu ya maji hata ukiwa kwenye mto unaopita, ameitoa Ibn Majah na sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, wanazuoni wameitilia shaka; maana yake lakini inashuhudiwa na aya ya 31 ya Suratul A'raf.

Na usiku, badala ya habari za kuzama, wahadithie kisa cha ndege kilichomo katika Abu Daud. Masahaba walikuwa safarini, wakachukua makinda wawili wa ndege. Mama yao akaja akitandaza mbawa zake. Mtume (S.A.W.) akauliza, nani aliyemtia huyu uchungu kwa watoto wake? Mrudishieni watoto wake. Mtoto akikisikia kisa hiki, manati huitupa mwenyewe.

Limebaki la kelele. Mwanao ana haki katika jambo na amekosa katika sauti. Nabii Ibrahim (A.S.) alikuwa akimkataza baba yake shirki, kubwa kuliko taka zote, na katika Suratu Maryam amemwita mara nne, "Ewe baba yangu". Msomee aya hizo, ya 42 mpaka ya 45, kisha aende akamuombe bibi radhi kwa ile sauti.

Nawe jiulize, bibi angezimwaga wapi? Taka zile zimetoka jikoni mwako. Chimbeni shimo nyuma ya nyumba, maganda na majani yaende kwenye migomba, plastiki iwekwe mbali kwenye gunia mpaka ipatiwe gari. Hiyo ni kazi yako na ya baba yao. Gunia likishakuwepo, mwambie kijana amuoneshe bibi yake lilipo.

Wallahu a'lam.