Porsche ya Mwaka 1978: Kipi Kibadilishwe, Kipi Kiachwe?

SWALI: Ndugu Mhandisi, baada ya salamu. Marehemu baba yangu mdogo aliniachia Porsche 911 SC ya mwaka 1978, ambayo imekaa hapa Capri Point, Mwanza, miaka mingi bila kuwashwa. Fundi mmoja ananishauri ning'oe mfumo wa mafuta wa K-Jetronic nifunge wa kisasa wenye kontroli boksi (kompyuta ya injini), nikate na kupanua bodi ili magurudumu ya nyuma yachukue matairi mapana, kisha niweke taa za LED na kiyoyozi. Binamu yangu aliyeko Nairobi anasema nikibadilisha hata skrubu moja nimeua thamani yake. Mimi nataka gari la kuniendesha Jumapili hadi Geita na kunirudisha, si pambo. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa msiba, na hongera kwa urithi huo. Binamu yako ana hoja, ila ameivuta kupita kiasi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, ambalo huhesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha miaka 30, liliidhinisha mwaka 2012 mwongozo uitwao Mkataba wa Turin, na hata humo mabadiliko hayakukatazwa. Linaloshauriwa ni kwamba yawe machache, yasiharibu umbo la asili, yaweze kuondolewa baadaye, na vipuri vya asili vilivyotolewa vihifadhiwe pamoja na gari. Kwa hiyo kila pendekezo la fundi wako lipime kwa swali moja: je, siku moja mtu ataweza kulirudisha gari kama lilivyotoka Stuttgart bila kuchomelea wala kutafuta kilichotupwa?

Nianze na K-Jetronic, kwa kuwa hapo ndipo ninapotofautiana zaidi na fundi wako. Mfumo huu wa Bosch hauongozwi na kompyuta. Hewa inayovutwa na injini huinua sahani, sahani huinua pini nyembamba ndani ya kigawanyaji cha mafuta, na petroli huenda kwenye silinda zote sita bila kukatika kwa kiasi kinacholingana na hewa hiyo. Umeundwa kwa usahihi mkubwa na hudumu miaka mingi, lakini maji na kutu huumaliza, na gari lililokaa muda mrefu na petroli tenkini huwa na vyote viwili. Ndiyo maana gari kama lako likigoma kuwaka, mtu huhukumu kwamba mfumo umezeeka, hali kasoro iko kwenye tenki chafu. Likaushwe na kusafishwa, filta ibadilishwe, kisha shinikizo lipimwe kwa geji: shinikizo kuu linapaswa kuwa takriban baa 5. Fundi asiye na geji hiyo hana msingi wa kukwambia kwamba mfumo umekufa.

Nikiri upande wa pili wa hoja. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kontroli boksi ya kisasa husoma hali hiyo na kupunguza petroli yenyewe, ilhali K-Jetronic iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani itamwaga petroli zaidi ya inavyotakiwa ikifika Mwanza. Hata hivyo, dawa yake ni skrubu ya mchanganyiko inayozungushwa kwa elenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 3, kidogo kidogo, huku moshi ukipimwa kwa mashine. Nguvu iliyopotea kwa sababu ya kimo hairudishwi na mfumo wowote kati ya hiyo miwili, kwa hiyo farasi 180 za kiwandani usizitafute huku kwetu.

Yapo mabadiliko ambayo mimi ningeyafanya bila kusita, na karibu yote yametokana na kiwanda chenyewe kilivyojirekebisha katika miaka iliyofuata. La kwanza ni vikaza cheni ya taimingi, yaani cheni inayoendesha valvu. Vile vya SC hujitegemea kwa oili iliyofungiwa ndani yake. Vikichoka, cheni hulegea, na cheni ikiruka meno, valvu hugongana na pistoni na injini imekwisha. Kuanzia Carrera ya 1984, yaani 911 iliyoifuata SC, Porsche ilitumia vikaza vinavyosukumwa na shinikizo la oili ya injini, na hivyo huingia kwenye injini yako vikiwa na mifuniko na mabomba yake. La pili ni boksi la hewa la plastiki, ambalo hupasuka injini ikilipuka kinyumenyume wakati wa kuwashwa ikiwa baridi. Tiba yake ni valvu ndogo ya springi inayofunguka kutoa mlipuko. Ni kweli kwamba inahitaji kutoboa tundu, na binamu yako atalalamika, lakini linalotobolewa ni boksi linalonunulika na si gari. Klachi nayo, ikiwa bado ina sahani yenye mpira katikati, weka ya springi.

Rejeta ya oili ya mbele inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa injini hii haipozwi kwa maji na hutegemea oili kuondoa sehemu kubwa ya joto. Magari ya 1978 yalikuwa na bomba lililokunjwa tu ndani ya bawa la mbele la kulia, lisilo na feni, ambalo hufanya kazi pale tu gari linapotembea. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi, kwenye njia ya Geita, lifunguliwe mwaka 2025 hutasubiri tena kivuko juani, lakini foleni ya Mkuyuni na Buhongwa bado ipo. Rejeta yenye feni ya Carrera za miaka ya mwisho hukaa mahali pale pale, na bomba la zamani unalifunga kwenye gazeti na kuliweka stoo.

Kukata bodi nakusihi usikubali, na sababu yangu si bei peke yake. Tangu magari ya mwaka wa modeli 1976, Porsche ilitengeneza bodi ya 911 kwa bati lililopakwa zinki, na zinki hiyo ndiyo iliyolinda gari lako dhidi ya unyevu wa ziwa miaka yote hii. Panapokatwa na kuchomelewa zinki huungua, na kutu huanza pale pale, chini ya rangi mpya inayong'aa.

Kama hofu yako ni matuta na barabara za vumbi, gari hili halina springi za kawaida. Linabebwa na fito za chuma zinazojisokota, na kimo chake huongezwa kwa kurekebisha fito hizo bila kukata chochote, kisha magurudumu yakapimwa alaimenti upya. Mwaka 1978 huo huo Vic Preston Jr. alimaliza wa pili katika Safari Rally kwa 911 SC iliyoinuliwa, kwa hiyo hutakuwa unalidhalilisha.

Taa za LED sizipendi katika vioo vilivyochorwa kwa balbu za kawaida za H4, kwa sababu mwanga hutawanyika na kumpofusha anayekuja. Funga rilei (swichi inayopeleka umeme moja kwa moja kwenye taa) na waya mnene, balbu zile zile zitawaka vizuri zaidi. Kiyoyozi kinaweza kungoja mwaka mzima wa kuliendesha gari, nawe utaona kama bado unakihitaji.

Kabla ya yote hayo, linganisha namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku karibu na feni na ile iliyo kwenye nyaraka za marehemu, kisha badilisha mipira yote ya petroli hata ile inayoonekana mizima. Iko juu ya injini yenye joto kali, na mpira wa zamani ukipasuka kwa shinikizo la baa 5 hutakuwa na gari la kujadili.