Kwangu imeili haitoki inboksi mpaka lori lishushe

Mhariri na wasomaji wenzangu, wiki hii mmeuliza ni programu gani mpya ya simu tumeijaribu mwaka huu na kama tumebaki nayo. Yangu ni Thunderbird ya Android, ya kusoma na kupanga imeili, na ndiyo, nimebaki nayo. Najua wengi watawaandikia kuhusu programu za kuchati na za kutuma pesa, lakini naomba niisemee imeili, manake kwa sisi tunaoklia mizigo ya watu forodhani hapa Kampala imeili ndo ofisi yenyewe.

Kwa asiyeijua hii kazi: Uganda hatuna bahari, mzigo unashukia Mombasa au Dar, na tangu mpango wa forodha ya pamoja wa Afrika Mashariki uanze 2014 kodi inalipwa huku Uganda kabla kontena halijatoka bandarini. Kwa hivyo karatasi lazima zitangulie mzigo. BL (hati ya mzigo ya shirika la meli), invoisi, pakingi listi, taarifa ya meli kufika, DO (kibali cha kuchukua mzigo bandarini), zote zinaingia kwa imeili, zingine zimeskaniwa vibaya na nzito kama nini, na kontena lina siku zake za bure, zikiisha unahesabiwa dimareji, yaani faini ya kuchelewa, kwa dola, na hapo mteja hataki kusikia ati taarifa ilikuja ila hukuiona. Anapiga simu, "Nyabo, mzigo wangu uko wapi?", na wewe uko juu ya boda Jinja Road kwenye jam, unapekua ujumbe wa shirika la meli katikati ya matangazo ya viatu.

Programu niliyokuwa nayo zamani, jina silitaji, ilikuwa inaniamulia. Inagawa imeili kwa mafungu yake yenyewe, hizi za watu, hizi za matangazo, hizi za mashine, alafu zile za mashine haikuambii hata zimeingia. Kwa mtu mwingine labda ni sawa kabisa. Lakini taarifa ya meli kufika inatumwa na mashine! Hakuna binadamu anayekaa chini kuniandikia kwamba meli imetia nanga, ni mfumo unatuma, na huo ujumbe kwangu una maana kuliko salamu zote za siku hiyo.

Thunderbird jina si geni, ya kompyuta ipo tangu 2004. Hii ya simu ilitoka Oktoba 2024 lakini haikuanza kutoka sifuri, imejengwa juu ya K-9 Mail, programu iliyokuwepo tangu 2008 na ambayo iliungana nao 2022. Ni ya bure, haina matangazo, inaendeshwa kwa michango ya watumiaji na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Ukiifungua mara ya kwanza unaweza kuiona kavu. Inakuonyesha imeili zote kwa mpangilio wa saa zilivyoingia, basi, haijifanyi inajua ipi ni ya muhimu. Mi hicho ndo nilikuwa nakitafuta.

Ninavyoitumia ni hivi. Akaunti zangu zote, ya ofisi, ya kwangu binafsi na ya kikundi chetu cha akiba, zinaingia inboksi moja ya pamoja na kila moja ina rangi yake pembeni, ya ofisi nimeipa nyekundu. Kanuni yangu ni moja tu, imeili ya mzigo inakaa inboksi mpaka lori lishushe kwa mteja. Dereva akipiga "madam, tumemaliza kushusha", naisukuma kwa kidole kulia inaenda kwenye folda la kumbukumbu na hiyo habari imeisha. Sasa asubuhi nikifungua simu sioni barua, naona mizigo: hii bado iko baharini, hii inasubiri malipo ya kodi, hii imefika mpakani Malaba. Kule Marekani kuna bwana anaitwa Merlin Mann aliyeeneza sana habari ya inboksi tupu miaka ya 2006 na 2007, na watu wengi wakaielewa kwamba lazima ufute mpaka ibaki sifuri. Kwa kazi yetu inboksi tupu ni habari mbaya, maana yake hakuna mzigo njiani.

Kitu kilichonishika kabisa ni upande wa bando. Tangu Julai 2021 data hapa kwetu inatozwa ushuru wa asilimia 12, na mtu anayepokea skani siku nzima anaisikia hiyo kwenye mfuko. Humu unachagua mwenyewe ujumbe upakuliwe mpaka ukubwa gani, mi nimeweka kilobaiti 32, kwa hivyo maandishi yanashuka yote lakini ile PDF nzito ya invoisi inabaki kwenye seva, kompyuta ya wenye imeili, mpaka niitake, kuna kitufe chini cha kumalizia kupakua. Picha za ndani ya imeili nazo hazifunguki mpaka uruhusu, na hapo unapata faida mbili, bando haliliwi, na mtumaji wa matangazo hajui kama umefungua barua yake, manake zile picha ndogo ndo wanazotumia kupeleleza nani amesoma. Za mizigo iliyo njiani napakua kabisa na kuhifadhi kwenye simu. Wanaokumbuka Januari 2021, intaneti ilivyozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, watanielewa kwa nini nataka nakala ya DO ikae mkononi mwangu.

Kuna jambo lingine ningeomba wafanyabiashara walifikirie kwa makini. Zipo programu za imeili ambazo ili zikupigie kengele haraka zinaweka pasiwodi au kibali cha akaunti yako kwenye seva zao, na seva zao ndo zinasoma barua kwa niaba yako. Mi nashika invoisi za watu, namba zao za mlipakodi (TIN), bei waliyonunulia bidhaa, vitu ambavyo jirani wa duka hatakiwi kuvijua, na tangu 2019 Uganda tuna sheria ya kulinda taarifa za watu. Kwa Thunderbird simu yako inaongea na seva ya imeili moja kwa moja, hakuna mtu wa katikati. Na mafolda ninayotengeneza yanakaa kwenye hiyo seva ya imeili, hayako kwenye programu, hilo nalo ni kubwa, manake programu nzuri huwa zinakufa. Programu ya imeili iliyoitwa Mailbox ilitoka 2013 watu wakaipenda vibaya sana, 2016 ikafungwa. Inbox ya Google ilianza 2014, 2019 ikazimwa. Thunderbird nayo ikizimwa kesho nitaweka nyingine na folda langu la MELI, la barua za mashirika ya meli, nitalikuta palepale.

Mapungufu yapo. Haina ile ya kuahirisha ujumbe ukurudie kesho saa mbili, kwa hiyo mi naweka nyota na kuzipitia zenye nyota kila jioni. Haina vichujio ndani yake, ilibidi niingie kwenye akaunti kwa kompyuta niweke amri kule kwamba chochote kutoka mashirika ya meli kiende folda la MELI, alafu kwenye simu nikawasha kengele ya papo hapo kwa folda hilo na inboksi tu, mafolda mengine yanaangaliwa kila saa. Na baadhi ya simu zina tabia ya kulaza programu ili kutunza chaji, usipoiruhusu kwenye mipangilio ya betri kengele itachelewa, na wakala wa Mombasa atapiga "dada, DO nilituma kitambo" wakati kwako bado ni kimya.

Kwa mwenye akaunti moja ya kuandikiana na ndugu zake sioni haja ya kuhama. Ila wewe wa maduka ya jumla ya Kikuubo unayeagiza Dubai, wewe wa spea pale Kisekka unayengoja kontena la Japani, jaribu. Anza na akaunti ya kazi peke yake, na kabla hujagusa kingine chochote ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya kupokea barua, uweke kikomo cha ukubwa wa kupakua.