Jibu: Homa inayorudi kwenye nyumba ya tembe

Pole sana dada. Umeuliza kwa nini homa ya mwanao hapo Chamwino inapoa siku chache kisha inarudi, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Mimi nawaza papasi, kupe laini ambaye akiuma huambukiza homa ya kujirudia. Tembe zetu za Ugogoni, nyumba za udongo zenye paa bapa, ndizo maskani yao: hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi mafichoni. Ndiyo maana humkuti ameng'ang'ania mwilini kama kupe wa ng'ombe.

Mpeleke mtoto kituo cha afya akiwa na homa, uombe damu iangaliwe kwa hadubini. Vijidudu vya ugonjwa huo huonekana homa ikiwa juu. Dawa zipo. Mjamzito akiugua msichelewe kabisa, mimba huweza kutoka.

Mtoto asilale chini. Ziba nyufa, chandarua kichomekwe chini ya godoro.