Filamu ya mdogo wangu iende wapi?

Swali: Dada, shikamoo. Mdogo wangu yuko Marekani, ni dairekta mchanga, kamaliza filamu fupi kuhusu maisha ya watu weusi ila imekaa tu kwenye laptopu. Tumsaidieje?

Jibu: Marahaba. Mara nyingi kinachokwama sio kipaji, ni usambazaji, ndo maana dairekta Ava DuVernay alianzisha AFFRM mwaka 2010, ya kusambaza filamu za watu weusi, siku hizi inaitwa ARRAY. Ajaribu pia tamasha la filamu la American Black Film Festival, lipo tangu 1997. Ila kwanza itazameni filamu yake mpaka yale majina yanayopita mwishoni, mwambieni ukweli pale sauti inapokwaruza, maana mtu atavumilia picha yenye giza kidogo ila sio maneno yasiyosikika. Na zile ada za kuingiza filamu kwenye matamasha mchangieni jamani, zinaumiza sana ukiwa ndo unaanza.