Isome Mita Kabla Hujazima Balbu

Ugomvi wa stima katika nyumba nyingi za Nairobi huelekezwa kwa asiye na hatia. Mtoto anakaripiwa kwa kuacha chaja ya simu ukutani, dada wa kazi anaulizwa kwa nini taa ya jikoni ilikesha, halafu kila mtu anaingia bafuni kuoga maji moto hadi kioo kinajaa mvuke. Tokeni zikiisha mapema, lawama inarudi kwa ile chaja. Nimekaa katika fleti za Zimmerman na sasa Kahawa West, nimepima kila kifaa kinachochomekwa nyumbani kwangu, na ninachowaambia majirani ni kwamba pesa ya tokeni inapotelea kwenye joto, hasa joto la maji ya kuoga. Mengine yote ni madogo ukiyaweka kando yake.

Usiniamini mimi, amini mita yako. Itazame vizuri. Ina kitaa kidogo chekundu kinachowaka na kuzima, na karibu nacho pameandikwa nambari kama 1000 imp/kWh, 1600 imp/kWh au 3200 imp/kWh. Nambari hiyo ndiyo idadi ya mara ambazo kitaa huwaka kabla yuniti moja, yaani kWh moja, haijaisha. Kama yako ni 1000, hesabu ni rahisi mno: kila kinapowaka, umetumia wati-saa moja. Hesabu kinawaka mara ngapi kwa dakika, zidisha kwa 60, na jibu ni wati zinazovutwa na nyumba nzima wakati huo. Kikiwaka polepole, pima sekunde kati ya mwako mmoja na unaofuata, kisha ugawanye 3,600 kwa sekunde hizo. Kwa mita ya 1600 unagawanya 2,250, na kwa ya 3200 unagawanya 1,125.

Mita za fleti nyingi zimepangwa kwa safu ukutani kule chini, kwa hiyo mtu mmoja abaki nyumbani na mwingine ashuke na simu. Zimeni kila kitu, kisha muwashe kifaa kimoja kimoja. Kwa mita ya 1000, friji inayonguruma huwasha kitaa kama mara mbili kwa dakika. Washa birika la stima na kitafika mara thelathini na kitu. Kisha mwambie aliye juu afungue shawa ya moto. Hapo kitaa kinaanza kukimbia, na kwangu kilifika kama mara 80 kwa dakika, yaani wati 4,800. Binti yangu, aliyekuwa akinililia kwamba namhesabia dakika za kuoga, alishuka akasimama mbele ya mita hiyo kimya, kisha akaniuliza, "Mum, hiyo yote ni maji tu?"

Ni maji tu, ndiyo, lakini maji ni mzigo mzito kupasha joto, na shawa hizi hazina tangi. Maji yanapita mara moja na lazima yapate moto yakiwa njiani, ndiyo sababu nyingi za madukani zina wati kati ya 3,500 na 5,500. Fanya hesabu na wati zangu 4,800. Dakika moja ni yuniti 0.08. Dakika kumi ni yuniti 0.8. Watu wanne wakioga dakika kumi kila mmoja kwa siku, hizo ni yuniti 3.2, na kwa mwezi zinafika 96. Kuchaji simu kila usiku kwa mwezi mzima hakufikishi yuniti moja. Kwa hiyo anayetoka bafuni baada ya robo saa kisha akachomoa chaja ya mwenzake ili "aokoe stima" ametumia zaidi ya yuniti moja ili kuokoa sehemu ndogo sana yake.

Kuna mambo mawili kuhusu shawa hizi ambayo ningependa kila mpangaji ayajue. La kwanza ni ile swichi ya ukutani yenye taa nyekundu. Watu wanakosana juu yake: nani aliiacha, ilikaa hivyo tangu asubuhi. Shawa ya papo kwa papo hupasha maji yanapopita tu, kwa sababu ni msukumo wa maji unaounganisha koili, ule waya unaopasha maji. Bomba likifungwa, koili haivuti kitu, na unaweza kulithibitisha pale kwenye mita. Izime swichi kwa ajili ya usalama, na hiyo ni sababu tosha, lakini usitarajie tokeni kudumu kwa ajili hiyo. Heta ya tangi ni habari nyingine kabisa. Ile hupoteza joto kidogo kidogo na kuwaka tena hata kama hakuna anayeoga, kwa hiyo kuizima kunasaidia kweli.

La pili ndilo lililobadilisha tokeni za nyumba yangu. Maji yakiwa moto kupita kiasi, wengi tunafungua bomba zaidi ili yapoe. Yanapoa, ndiyo, lakini koili inavuta wati zile zile, na sasa unamwaga pia maji ambayo Nairobi hatuna ya kumwaga. Kinachoamua stima ni mahali kitufe cha shawa kilipo, pamoja na dakika unazokaa chini yake. Kwa hiyo weka kitufe kwenye joto la chini, kisha punguza maji hadi yafikie joto unalolitaka. Utaoga vizuri kwa wati chache na maji machache. Angalia tu yasiwe machache kiasi cha kuunguza au kuifanya shawa ijizime. Mwezi wa Julai, baridi inapokuwa kali, asubuhi tunarudisha kitufe juu bila kujilaumu. Anayeweza kuoga alasiri ana bahati zaidi, kwa sababu tangi jeusi la plastiki juu ya paa limeshapashwa na jua na joto la chini linamtosha kabisa.

Kwa vifaa vya kuchomeka, kuna kipimo kidogo kinachokaa kati ya soketi na plagi na kuonyesha wati pamoja na jumla ya yuniti. Vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya stima mjini, Luthuli Avenue ikiwa mojawapo ya mahali pa kuanzia kuulizia. Nunua kilichoandikwa kwamba kinahimili ampea 13, na kamwe usikitumie kwa shawa, kwa kuwa shawa ina waya wake mnene na haichomekwi. Friji lazima uipime kwa siku nzima, kwa maana kompresa huwaka na kuzima, na ukiangalia wati za dakika moja utadanganyika. Yangu, ambayo ni ya milango miwili na si mpya, ilikuwa inakula karibu yuniti moja na nusu kwa siku. Nilibana karatasi kwenye mlango, nikaivuta, ikatoka bila kukwama: mpira wa mlango ulikuwa umechoka. Fundi akauweka mwingine, nikaisogeza friji mbali kidogo na ukuta ili joto la mgongoni lipate pa kutokea, na kipimo kikashuka hadi yuniti moja na kidogo. Friji ni kifaa kisicholala, hivyo tofauti ndogo ya kila siku inakuwa kubwa mwisho wa mwezi. Ukiwa unanunua mpya, tafuta kibandiko cha nyota za matumizi ya stima. Kanuni za mwaka 2016 ziliweka vibandiko hivyo kwa friji zinazouzwa nchini, na kadiri nyota zinavyozidi ndivyo friji inavyokula kidogo. Friji za mitumba zinazoingia kutoka nje nazipita, hata zikiwa za bei nafuu.

Dekoda ilinishangaza kwa sababu haina joto la kuogopesha. Nyingi huvuta karibu wati zile zile hata zikiwa zimezimwa kwa rimoti. Wati 12 mfululizo kwa mwezi ni zaidi ya yuniti 8, kuliko hata televisheni ya wati 50 inayotazamwa kwa muda wa saa tano kila siku. Soketi zetu za Kenya zina swichi zake ukutani, basi zitumieni usiku kwa dekoda na sabufa. Wai-fai mimi naiacha ikiwaka. Balbu, kama bado una zile za waya zinazounguza mkono, badilisha leo: LED ya wati 9 inatoa mwanga wa ile ya 60. Kama tayari una LED, acha kufuatana na watu chumba kwa chumba. Pasi nayo ipangie siku moja na upige sare zote za shule pamoja, maana kila unapoiwasha kwa shati moja unalipia kuipasha upya.

Kuhusu kupika, wengi hushtuka nikisema kwamba maharagwe napika kwa stima. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana githeri inachukua muda mrefu kwenye sufuria ya kawaida kuliko Mombasa. Sufuria ya presha ya stima inavuka kikwazo hicho, kwa kuwa presha inapandisha joto la kuchemka, na ikishafika hapo koili huzima na kuwaka kidogo kidogo tu. Yangu imeandikwa wati 1,000, lakini maharagwe ya kulowekwa usiku hutumia chini kidogo ya nusu yuniti. Ile koili ya wazi ya kuwekea sufuria sitaitetea. Joto lake jingi linakwenda hewani. Na kwenye birika weka maji ya vikombe utakavyokunywa, kwa kuwa lita moja ni kama yuniti 0.1, na lita iliyobaki kupoa umeilipia bure.

Sasa pesa. Ujumbe wa tokeni unaonyesha yuniti, kisha ushuru na tozo, ikiwemo ya mafuta na ya fedha za kigeni, na hizo mbili hubadilika mwezi hadi mwezi. Gawanya pesa uliyotuma kwa yuniti ulizopata na utakuwa na bei halisi ya nyumba yako, ambayo ndiyo ya kutumia katika hesabu zako. Jambo la kuangalia zaidi ni kundi lako. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa katika makundi matatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, 31 hadi 100, na zaidi ya 100, kwa kuangalia wastani wa miezi mitatu. Kadiri kundi linavyopanda, bei ya kila yuniti inapanda. Nyumba inayotumia yuniti 120 ikikata dakika za shawa na kushuka chini ya 100 inafaidi mara mbili, kwa kununua yuniti chache na kwa kila yuniti kuwa nafuu, ingawa utasubiri wastani ushuke. Wanaotumia mita ndogo ya mwenye nyumba hawaioni faida hiyo ya pili, kwa kuwa mita kuu inahesabu matumizi ya wapangaji wote pamoja. Kwao ni vizuri kumuuliza mwenye nyumba anauza yuniti kwa bei gani, na kumwomba awaonyeshe anavyoipata.

Na kama uko mbioni kuhama, kabla hujalipa dipoziti omba kuiona mita ya nyumba hiyo ikiwa na tokeni ndani. Zima swichi kuu ya nyumba, shuka, usimame mbele ya kitaa kwa dakika kadhaa. Kisipowaka, endelea na mipango yako. Kikiendelea kuwaka, kuna kitu nje ya nyumba kinachokula kwenye mita hiyo, labda taa ya ngazi, labda pampu ya maji, labda soketi ya jirani. Usiguse waya wala mihuri ya mita. Mwambie mwenye nyumba alete fundi aliyesajiliwa atenganishe laini, na pesa yako ibaki mfukoni hadi kitaa kinyamaze.